Fundi Anasubiri Kisu

Jumatatu

Nimepewa tarehe ya upasuaji. Daktari ameiandika kwenye kadi kwa wino wa bluu, kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi. Mpaka hapo habari ya wasiwasi ilikuwa haijaletwa na mtu.

Ugonjwa wenyewe hapa Pangani si mgeni: ni busha. Lilianza dogo wakati binti yangu wa mwisho yuko darasa la tatu. Sasa yeye ana mtoto wa darasa la tatu. Kwa kuwa ni fundi cherehani, nilikuwa nikijishonea suruali mwenyewe na kuongeza kipande pale miguu inapokutana, na hakuna mteja aliyegundua. Mwaka juzi kipande kikawa kikubwa kuliko suruali, nikahamia kwenye kanzu. Watu wakadhani nimezidisha ibada. Nikaingizwa kwenye kamati ya msikiti, upande wa fedha.

Kadi nimeibandika ukutani, juu ya cherehani. Baadaye nimeihamishia nyuma ya mlango. Magharibi ilipoingia nimeitia kabatini, chini ya vitambaa vya sare. Haionekani, ila najua ilipo.

Jumanne

Mke wangu amewaambia watu wawili tu, kwa siri. Baada ya swala ya alasiri baraza ilijaa.

Wote wamekuja kunitoa hofu. Muuza maandazi amenisihi nisiogope kabisa, kisha akanisimulia habari za mtu mmoja wa Muheza aliyekwenda kupasuliwa ngiri, akaingia kwa miguu yake na kurudishwa kwao nyuma ya pikapu, kafunikwa. "Lakini wewe usiwaze, Fundi," akasema. Alikuwa amekuja na maandazi. Yamebaki.

Mzee wa nyumba ya pili hakuleta habari ya maiti, ameleta sababu. Ni madafu. Amesema alinionya. Ni kweli alinionya, tangu nikiwa kijana, na kwa onyo hilo sijagusa dafu maisha yangu yote, nami naishi katikati ya minazi. Nimemweleza kama alivyotueleza bwana afya: kwamba ni minyoo, jina lake Wuchereria bancrofti, inaenezwa na mbu, inakaa miaka kwenye mishipa ya limfu na kuiharibu mpaka maji yanakosa pa kupitia. Nikamkumbusha miaka ya 1970, watafiti walipokuwa wakija usiku na taa kutuchoma vidole tukiwa na usingizi, kwa sababu watoto wa minyoo hiyo huja kwenye damu ya ngozini usiku, saa ambazo mbu anakula. Nikamkumbusha na vidonge vya kingatiba, ivermectin na albendazole, tunavyogawiwa sote, mgonjwa na mzima. Kipimo cha ivermectin wanakipata kwa urefu wa mtu: wanakusimamisha kwenye fimbo iliyochorwa alama. Nimepima watu kwa futi tangu ujana wangu, nami nikapimwa kwa fimbo. Vidonge vinaua watoto wa minyoo, lakini maji yaliyokwisha kujaa hayarudi yalikotoka. Hayo yanataka kisu.

Mzee amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Sawa, mbu. Na madafu."

Alhamisi

Sikulala. Sababu ni jogoo wa jirani. Nimeishi na jogoo huyu tangu akiwa kifaranga na sikuwahi kumsikia. Usiku wa kuamkia leo amewika saa nane, saa tisa na saa kumi, na katikati ya saa hizo nilikuwa macho nikimsubiri awike.

Asubuhi nimekwenda kwa jirani kutaka kumnunua. Jirani akauliza namtaka wa kufuga au wa kuchinja. Neno la pili lilinikaa vibaya, nikaondoka bila jogoo.

Ijumaa

Ni Desemba, msimu wa sare. Shule zinafunguliwa Januari na wazazi wote hukumbuka kwa pamoja. Leo mama mmoja amerudisha suruali ya mwanawe: mfuko wa kushoto umeshonwa bila chini, ukitia mkono unatokea gotini. Akaniuliza nilikuwa nawaza nini. Nimemwambia mwizi akitia mkono humo hatoki na kitu. Akafikiri kidogo, akataka arudishiwe fedha.

Hotuba ya Ijumaa ilikuwa juu ya mauti. Baada ya swala imamu amenifuata mpaka kwenye viatu kunihakikishia kwamba iliandaliwa kabla.

Jumapili

Kinyozi naye anamjua mtu wa Muheza. Kwa habari zake hakuwa na ngiri, alikwenda kung'oa jino. "Walimpiga nusu kaputi," akasema, wembe ukiwa shingoni mwangu, "hakuamka." Kisha akaninyoa bure. Sikupenda namna alivyokataa fedha.

Jumatano

Safari ya Tanga mjini, kwenda kulazwa. Kondakta amepaza sauti kwamba mzee mwenye mzigo apishwe akae mbele. Begi langu lilikuwa kwenye buti.

Hospitali wamenipima presha: 178 kwa 112. Muuguzi akaitazama mashine, akanitazama mimi, akafunga upya mkanda wa mkononi. Ikawa 184 kwa 114. Nimemuuliza kama tupime tena. Akasema, "Baba, tuiache hapo hapo, isije ikaendelea."

Akaja daktari kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una presha?"

"Sina."

"Una wasiwasi?"

"Sina."

Ameandika kwamba ninavyo vyote viwili. Amenieleza kwa upole kwamba presha ya namna hii na kisu havikai chumba kimoja: moyo unaweza kuelemewa, damu inaweza kutoka kuliko inavyotakiwa, na busha si dharura, halikimbii. Nirudi nyumbani, nipimwe kwenye zahanati ya kwetu, halafu nije tena. Nilisikia kila alichosema, ingawa macho yangu yalikuwa kwenye koti lake. Bega la kushoto limeshuka na upindo wa nyuma umeachia. Mtu aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Nimefika Pangani kabla ya magharibi. Waliokuja kunipa pole ya upasuaji wamenikuta nakula wali. Wamekaa kimya na machungwa yao. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo pole tukupe au tusubiri?"

Ijumaa

Zahanati: 136 kwa 84. Muuguzi wa pale ni mtoto wa mteja wangu, nimemshonea sare tangu chekechea. Amesema kuna watu presha yao inapanda wakiona koti jeupe tu. Nimemwambia lile koti lingempandisha presha fundi yeyote.

Jumamosi

Hakuna lililotokea.

Jumapili

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Uzi upo, sindano ipo, kitambaa kipo, mguu uko kwenye pedeli. Wacheza bao wamemtuma mtoto kuniita. Nimemwambia akawaambie nina kazi. Mtoto akaiangalia cherehani, akaniangalia mimi, akaenda kuwaambia nina kazi. Ni mtoto mwenye adabu.

Jumatatu

Mke wangu amepika pweza wa nazi. Nimekula kidogo. Akauliza kama chumvi imezidi. Haikuzidi. Akauliza kama tui limekatika. Halikukatika. Maswali ya jikoni yakamwishia, akabaki amekaa na upawa mkononi.

Jumanne

Nimeandika wosia. Nilipotoa madeni ya uzi, vifungo na zipu, nimebaki na cherehani moja na orodha ndefu ya watoto wanaonidai suruali. Nikaandika pia jina la fundi wa Boza atakayezimalizia, kisha nikalifuta, maana huyo hupiga mshono wa kupitia mara moja tu.

Mke wangu ameukuta chini ya pasi. Ameusoma wote, amesimama. "Umesahau feni," akasema, akaurudisha chini ya pasi.

Alhamisi

Kliniki tena. Safari hii mke wangu amenisindikiza, na nilipokuwa chooni amezungumza na muuguzi. Nilipotoka nimepelekwa chumba cha mwisho, kwa mama mmoja mtu mzima, muuguzi wa afya ya akili. Nimemwambia wamekosea mlango, ugonjwa wangu uko chini. Akasema anajua, nikae.

Alikuwa na karatasi yenye maswali tisa, yote ya wiki mbili zilizopita. Majibu yameshakatwa tayari, unachagua: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. La kwanza lilikuwa kama nimekosa hamu ya kufanya mambo. Nimemwambia kushona sare hakutaki hamu, kunataka uzi. Hakubisha. Alishika kalamu na kungoja, na yule mama anajua kungoja. Nikasema zaidi ya nusu ya siku.

Usingizi: nimemweleza habari za jogoo, kwa kirefu. Ameandika "karibu kila siku". Jogoo hakumwandika.

Chakula: mke wangu amejibu kabla yangu.

Kushindwa kutulia kwenye jambo moja: nimemsimulia ule mfuko unaotokea gotini. Amecheka mpaka miwani ikashuka, kisha akaandika.

Swali la tisa ni kama nimewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri nife. Nimesema hapana. Kalamu yake ilisimama, akanitazama, nikasema tena hapana, na kwamba suruali za watu ni nyingi. Mke wangu alikuwa anaangalia dirisha.

Nimepata 11 kati ya 27. Nimeuliza kama nimefaulu. Akasema hakuna kufaulu, ila kuanzia 10 wao huwa hawamwachi mtu aende zake bila mazungumzo. Tukazungumza. Amesema hofu ya kabla ya upasuaji ni ya watu wengi sana, na kwamba mwili hauulizi kama anayekuja na kisu ni daktari au mwizi: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, usingizi unahama. Na anayeingia na hofu nyingi mara nyingi ndiye anayelalamika maumivu makali zaidi akitoka. Kwa hiyo kuishughulikia si kumbembeleza mtu, ni sehemu ya kazi. Kisha akasema wanaume wa pwani wanakaa na busha miaka na miaka, siku wakipata moyo wa kuja wanalileta busha peke yake, huzuni yake wanaiacha nyumbani na wake zao.

Nimeangalia kadi yangu. Ina mstari mmoja wa kuandika kinachomsumbua mgonjwa. Umejaa neno busha na maelezo yake kwa mwandiko wa daktari. Hata ningetaka kuongeza kitu, sioni pa kukiweka.

Hakunipa vidonge. Amenipa kazi: nivute pumzi kwa pua na kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, niende kwenye bao hata kama sina hamu, kwa kuwa wakati mwingine hamu hutangulizwa na miguu, na kila ninaloliogopa niliandike liwe swali, nije nalo. Na nirudi kumwona, kisu kiwe kimepita au hakijapita.

Ijumaa

Nimekwenda kwenye bao. Katikati ya mchezo nimevuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole, kama nilivyofundishwa. Mwenzangu akadhani nimeona pigo kubwa, akacheza kwa woga. Sikuwa nimeona pigo lolote. Alinifunga hivyo hivyo.

Usiku nimelala. Habari za jogoo sina.

Jumapili

Orodha ya maswali yangu imejaza ukurasa. Nimeiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare za msingi, kwa hiyo swali la "nikizindukia katikati?" liko mgongoni mwa mtoto wa darasa la nne, kiuno 24.

Muuza samaki amepita. Mtu wa Muheza, kwa habari za muuza samaki, alikuwa mwanamke, na alikufa kwa mtoto wa jicho.

Jumatatu

Tanga tena. Presha: 156 kwa 94. Wamesema hiyo inaingilika. Nimelazwa, nimefungishwa kula tangu usiku, na asubuhi nimevalishwa gauni la hospitali. Gauni hilo linafungwa nyuma kwa kamba mbili, moja haipo. Aliyelikata alikuwa na mtazamo wake kuhusu mgongo wa binadamu. Nimeuliza sindano na uzi. Wameniambia mgonjwa haruhusiwi sindano.

Nilikuwa wa pili kwenye orodha. Saa tano muuguzi akaja kusema kuna mama mjamzito wa dharura, ameletwa kutoka mbali, meza ya upasuaji ameichukua yeye. Hakuna wodini aliyenung'unika, ni jambo lisilo na la kusema. Saa tisa tumeambiwa amezaliwa wa kike, mama na mtoto wazima, na kwamba orodha yetu ni ya kesho. Wodi nzima imempongeza mtoto. Mimi nimempongeza nikiwa na njaa. Njaa hii haifanani na ya Ramadhani. Ile ina magharibi yake. Nikaambiwa naruhusiwa kula. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kugawiwa.

Jumatatu, usiku

Kitanda cha pili yupo mtu anayesubiri kupasuliwa ngiri. Hazungumzi, anahesabu mbao za dari. Nimemuuliza anatoka wapi. Akasema Muheza.

Nimekaa kitako. Nimemuuliza kwa utaratibu kama anamfahamu mtu wa kwao aliyefia kwenye upasuaji, ama wa ngiri, ama wa jino, ama wa jicho.

"Kwetu?" akasema. "Yule alikuwa mtu wa Pangani. Mama mkwe alitaka nisije kwa ajili yake."

Tumemtafuta mtu huyu kwa muda, mimi kwa koo zote za Pangani ninazozijua na yeye kwa za Muheza. Hakupatikana upande wowote. Mwenzangu ameacha kuhesabu mbao.

Saa mbili hivi amekuja dada wa ganzi na usingizi, kijana, mwenye daftari. Amevuta kiti akakaa, jambo ambalo mpaka leo lilikuwa halijafanywa na mtu mwenye koti. Nikatoa orodha yangu. Swali la kwanza lilikuwa nusu kaputi. Akasema sipigwi nusu kaputi. Nitachomwa sindano ya mgongoni, nusu ya chini itakufa ganzi, nami nitakuwa macho. Siku zote hizi nilikuwa naogopa kulazwa nisiamke. Sasa nikapata la kuogopa jipya, kuwa macho.

Nimemuuliza sindano ni namba ngapi. Akasema 25. Nikashika ukingo wa kitanda. Kitambaa cha kaki nakishona kwa namba 16, na 18 ni ya turubai. Akaona uso wangu, akaniuliza kazi yangu, kisha akanieleza kwamba kwao hesabu inakwenda kinyume: namba ikipanda sindano inakonda. Nimemwomba anionyeshe. Ni nyembamba, ndefu, imenyooka vizuri. Kama ingekuwa na tundu la uzi ningeiulizia bei.

Akaendelea na hadithi, nadhani kwa sababu alimwona na jirani yangu anasikiliza. Ganzi hii ina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alitaka kujua inafanya kazi vipi, akaamua ijaribiwe kwake yeye mwenyewe. Msaidizi wake, Hildebrandt, akamchoma mgongoni, lakini bomba halikukaa sawa na sindano, maji ya uti yakavuja, dawa ikamwagika. Wakabadilishana. Hildebrandt akachomwa kokeini, maana ndiyo dawa iliyokuwapo, na ilipomshika Bier akampima: akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi, akamgusa kwa sigara inayowaka, na mwisho akamvuta pale pale tunapokwenda kupasuliwa sisi. Hildebrandt hakusikia maumivu. Jioni wakanywa mvinyo kwa furaha. Ganzi ilipoisha Hildebrandt akatapika na miguu ikamuuma kwa kipigo, na Bier akalala na kichwa kilichomuuma siku tisa, kwa ajili ya yale maji yaliyovuja. Ndiyo maana sindano za leo ni nyembamba, na ndiyo maana kesho nisiposikia vizuri kichwa nikikaa niseme.

Nimefikiri juu ya Bier. Miaka tisa kabla ya hapo, Desemba 1889, Wajerumani wenzake walimnyonga Abushiri, aliyewapinga, hapa hapa kwetu Pangani. Wale waliokuja huku hawakuwa na desturi ya kuanzia kwao.

Akanieleza na kesho itakavyokwenda, saa kwa saa: nani atanichukua, nitakaa vipi, miguu itaanza kupata joto halafu kuwa mizito, kwamba nitahisi kuvutwavutwa lakini si kuumia, kwamba kutakuwa na shuka mbele ya macho, na kwamba mkono wake utakuwa karibu na bega langu muda wote. Hakusema hata mara moja nisiwe na wasiwasi. Alipoondoka jirani yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na ngiri nayo ni namba 25.

Jumanne

Presha: 148 kwa 90, baada ya kukalishwa dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea. Wameniuliza jina langu mlangoni. Wameniuliza tena mezani. Daktari ameuliza jina, na upasuaji gani, na upande gani, akaangalia alama ya wino aliyoniwekea mwenyewe asubuhi, kisha muuguzi akaniuliza jina. Nikaanza kuingiwa na shaka na jina lenyewe. Muuguzi akasema ni utaratibu wa Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2008, orodha ya mambo 19, asije akapasuliwa mtu kwa ugonjwa wa mwingine. Fundi aliyewahi kumpa mteja suruali ya mtu mwingine hawezi kulipinga hilo.

Sindano sikuisikia sana. Miguu ilipata joto, ikawa mizito, halafu ikawa ya mtu mwingine. Nimemwambia dada wa ganzi kwamba bado naona mguu wa kulia umeinuliwa. Akasema umeshushwa zamani.

Upande wa pili wa shuka walikuwa wanazungumza habari za Simba na Yanga, bila ugomvi, kwa hiyo nikajua kazi inakwenda. Maji yalitoka lita moja na robo. Daktari akasema sasa anashona.

Nimeuliza anatumia uzi gani. Pakawa kimya. Daktari akasema ni uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya muda. Nimemwambia mimi nikishonea watu uzi huo nitafikishwa mahakamani. Nikasikia mtu amelazimika kuweka chombo chini kwanza. Nimeuliza kama mwisho wa mshono anarudia. Akasema anafunga fundo. "Mafundo mangapi?" Dada wa ganzi akaweka mkono kwenye bega langu, akasema, "Baba, mwache fundi mwenzako amalize."

Jumatano

Panauma, lakini si kama nilivyopanga. Nimefungwa bendeji ya kupandisha juu, mkato wake ni wa kitaalamu. Mke wangu amekuja na uji, na kifurushi: suruali yangu ya zamani, ile ya kabla ya vipande. Imeliwa na nondo kiunoni. Amesema nitaitia kiraka.

Mtu wa Muheza amechukuliwa saa tatu na kurudishwa kabla ya adhuhuri, yuko hai, anadai chai. Mama mkwe amepigiwa simu. Anataka kuongea na mimi.

Mchana daktari kijana amepita kuangalia kidonda. Alivaa koti lile lile. Nimemwambia kuhusu upindo na kuhusu bega. Hakukasirika. Amesema ana suruali mbili tu za kazini na zote zinambana, akauliza kama Pangani kuna nafasi. Futi nimeiacha nyumbani. Muuguzi ameleta bendeji. Kwa kuwa sijaruhusiwa kuinuka, daktari amejipima mwenyewe katikati ya wodi huku namwelekeza kutoka kitandani, na kila kipimo tumekifunga fundo: la kwanza kiuno, la pili urefu wa mguu, la tatu na la nne mabega. Bega la kushoto la daktari limeshuka kweli. Koti halina kosa, ila upindo.

Suruali anazitaka siku nitakayorudi kuangaliwa kidonda. Kitambaa chake, uzi wangu. Malipo ya awali hajatoa.